Nduli Kwenye Ukuta wa Kilabu cha Mama

Mwaka huu masika ilipoanza, jicho la kushoto ndilo lililotangulia kutokeza. Nilikuwa nimeingia kuchukua majani ya ng'ombe. Nikaona gazeti moja ukutani limebanduka kona kwa unyevu, na nyuma yake jicho limenikodolea. Nililitambua mara moja. Mimi ndiye niliyelichora, kwa kipande cha mkaa, nikiwa na miaka tisa, na mpaka leo limeshindikana kufutika.

Niseme mapema, mtu asije akadhani namsimulia habari za mizimu. Mimi ni Mlutheri, nimefundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, na watu wanaoona mizimu kila kona huniudhi sana. Nyumba ninayoizungumzia iko kwetu Marangu, ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba na mibuni. Zamani ilikuwa kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, cha mama yangu. Sasa ni stoo. Mna majani ya ng'ombe, madebe matupu, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na huo ukuta.

Baba alikuwa mlinzi wa godauni mjini Moshi. Alirudi nyumbani kila Jumamosi, na hakukosa bunda la magazeti yaliyokwisha kusomwa na wakubwa zake. Mama aliyabandika ukutani kwa uji mzito wa unga, kuzuia vumbi la udongo lisiingie kwenye pombe. Basi wanywaji walikaa kwenye mabenchi wakizungukwa na habari za dunia, na kwa kuwa wengi wao hawakuona herufi vizuri, kazi ya kuwasomea ilikuwa yangu. Nilijivunia hiyo kazi kuliko kitu chochote.

Vita vya Kagera vilipoanza, magazeti yakaja na katuni. Yule mtawala wa nchi jirani aliyetuvamia tulimwita nduli, na sikumbuki kama nilijua kwamba alikuwa na jina jingine. Walimchora na tumbo la mjamzito, medali zimemshuka hadi magotini, kofia ndogo imemkaa juu ya kichwa kikubwa. Katika katuni moja alikuwa amekalia kigoda cha mguu mmoja, na mchwa wanautafuna huo mguu. Katika nyingine alipitisha mkono kwenye uzio wa jirani ili akate mkungu wa ndizi, mkono ukanaswa na mtego. Hiyo ya mkungu wazee waliipenda kupita kiasi. Walitaka niisome tena na tena, nao wanajipiga mapaja. Mlima mzima huu hakuna aliyekuwa amemwona askari wa adui hata mmoja, vita vilikuwa mbali huko ng'ambo ya ziwa, lakini mtu anayevuka mpaka wa shamba kuiba ndizi walimjua vizuri.

Baadaye katuni zikabadilika. Nadhani mimi niliona mapema kwa sababu ndimi niliyezikata kwa mkasi. Nduli alianza kupungua. Badala yake akatokea mtu wa kawaida, kavaa shati la kawaida, amejibanza nyuma ya mlango, sikio lake moja kubwa sawa na ungo. Maneno ya chini yalionya wananchi wajihadhari na wasikilizaji wa aina hiyo. Niliposoma hiyo, wazee walicheka kama kawaida, ila kicheko kiliisha haraka, na kila mmoja akamtupia jicho aliyekaa pembeni yake. Nilikuwa mtoto, lakini nilihisi kitu kimeingia chumbani.

Siku hizi katuni zinakuja kwenye simu. Vijana wa ukoo wanazirusha kwenye kundi letu la WhatsApp, vita vya huku na huku duniani, viongozi wenye pua ndefu na vichwa vya nguruwe, kila mtu anaweka vile vikaragosi vya kulia kwa kucheka. Mimi siangalii mchoro. Naangalia nani kacheka, na kesho yake wamemgeukia nani. Wanasema bibi hana utani, na wako sawa.

Jirani yetu alikuwa mwanamume mkubwa wa mwili, mpole, mwenye sauti ya chini. Nilimwita baba mkubwa kwa heshima, ingawa hatukuwa ndugu. Alikuwa amefanya kazi Uganda miaka mingi, ulinzi wa kiwanda cha pamba, akarudi kwa mama yake miaka kama miwili kabla ya vita. Alirudi na vitu viwili vya kuonekana: redio, na koti zito la kaki lenye vifungo vya shaba. Asubuhi za baridi ya mlima alilivaa, na jioni alikuja nalo kilabuni, anakaa mwisho wa benchi karibu na mlango. Akishiba pombe alikuwa anaimba wimbo mmoja wa Kiganda. Kabla ya vita watu waliupenda huo wimbo, hata walijaribu kuuitikia.

Siku moja mnywaji mmoja akasema ukuta wa mlangoni uko mtupu, na mtoto huyu anajua kuchora, basi atuchoree nduli wetu wenyewe, mkubwa, tumwone vizuri. Mama akakubali, maana alijua mchoro utaita wateja. Nikachukua mkaa jikoni. Tatizo ni kwamba uso wa nduli gazetini ulikuwa mdogo kama sarafu, na wino ulikuwa umevuja. Nilihitaji uso wa mtu mzima, mkubwa, wa kuangalia. Nikageuka, na baba mkubwa alikuwa pale mwisho wa benchi.

Nilianza na paji la uso, lile pana. Nikachora jicho la kushoto, ambalo lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia. Nikachora sikio la kushoto lililojikunja kwa juu. Alipogundua namtazama, akaweka chini kata ya mbege, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akanyoosha mgongo, akatulia. Hivyo ndivyo watu walivyokaa kwa mpiga picha kule mjini. Alidhani namchora yeye, na kwa kweli nilikuwa namchora yeye. "Mwanangu, una mkono mzuri," aliniambia alipoondoka. Mdomo, kofia, tumbo na medali nilivitia kesho yake asubuhi, yeye hayupo.

Jioni hiyo watu waliingia, wakatazama ukuta, wakatazama mwisho wa benchi, na kilabu kizima kikaanguka kwa kicheko. Naye alicheka. Alikuwa mtu wa utani, alidhani ni utani. Akaonyesha tumbo, akasema la kwake halijafika hapo. Nami nilisimama katikati yao nikipigwapigwa begani, nimevimba kichwa.

Kwa muda fulani ilibaki hivyo. Akiingia, mtu anasema nduli amekuja kunywa, tufiche ndizi. Kisha jioni moja kata ya mbege ilipokuwa inazunguka, aliyeipokea kutoka kwake aliifuta mdomo kwa kipande cha jani la mgomba kabla ya kunywa. Wiki iliyofuata kata ilimruka. Ilipita tu mbele ya magoti yake ikaenda kwa mwingine, na mkono wake ukabaki umenyooka. Mtu akauliza kwa nini redio yake inasema lugha isiyoeleweka. Mwingine akauliza koti lile alipewa na nani, na kwa kazi gani. Watoto wenzangu walianza kwa kumrushia kahawa mbichi njiani, wakahamia kwenye mawe. Mimi sikurusha mawe. Nilikuwa nimekwisha kumaliza sehemu yangu.

Sasa inabidi nieleze kuhusu isale, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mkaa. Isale ni mmea wa kwetu Uchagani, majani yake marefu, tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Na mtu akimkosea mwenzake kosa zito, anakata jani la isale, analipiga fundo, anampelekea. Anayepelekewa halikatai. Anaweza kufoka, anaweza kulia, lakini mkono anaunyoosha, na akishalishika, lile jambo limekwisha. Hata watu waliotaka kuuana wamepatanishwa kwa jani hilo. Kulikataa ni jambo ambalo wazee hawakutaka hata kulitolea mfano.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Kilabu kilikuwa kimejaa, mama yuko nyuma anachuja mbege, mimi niko ukutani na bakuli la uji nabandika gazeti jipya. Baba mkubwa akasimama mlangoni. Hakuwa na koti. Alivaa shati jeupe, na mkononi alishika jani la isale lenye fundo.

"Ndugu zangu," alisema, "kama kuna nililowakosea, nimekuja."

Yeye hakuwa amemkosea mtu, kila aliyekuwa mle alijua. Kulipokea jani kungekuwa kukubali kwamba mchezo umekwisha, na hakuna aliyetaka uishe. Kulikataa waziwazi hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo wanaume wazima zaidi ya kumi, pamoja na mzee wa kanisa, walifanya kitu kimoja: walitazama ukuta. Walinitazama mimi na nduli wangu. Mkono wa baba mkubwa ulikaa hewani, kisha akavuka chumba, akaja mbele yangu.

"Basi pokea wewe, mwanangu," aliniambia. "Wewe peke yako ndiye uliyenitazama."

Nililipokea. Nikisema sikujua maana yake nitakuwa naongopa. Nilijua nusu, kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa. Nilichokijua kikamilifu ni kwamba chumba kizima kinanisubiri nifanye kitu, na mimi nilikuwa mtoto aliyezoea kuwachekesha. Nikachovya kidole kwenye uji, nikapaka jani, nikalibandika juu ya kofia ya nduli upande wa kulia, limesimama, limeinama kidogo kama unyoya wa jogoo.

Walicheka. Walicheka kwa nguvu kuliko siku zote, mpaka mwingine akamwaga pombe. Na baba mkubwa, amesimama hatua moja kutoka kwangu, naye akacheka. Kicheko kidogo, cha mdomo tu, macho hayamo. Kisha akatoka.

Mama aliingia na chungu, akaona jani, akaweka chungu chini. Alinizaba kibao, cha kwanza na cha mwisho maishani mwangu. "Libandue umfuate," alisema, "mkimbilie, mwambie umelipokea." Nikalivuta, lakini uji ulikuwa umekwisha kushika, likachanika, fundo likabaki ukutani. Nikakimbia na kipande. Mlango wake ulikuwa umefungwa na hakuitika. Asubuhi mama yake alikuta kitanda kitupu. Watu walisema amepitia Mkuu, ameonekana Tarakea akivuka kuingia Kenya, na koti ameliacha limening'inia nyuma ya mlango. Hakurudi tena. Mama yake alizikwa na wengine.

Vita vilikwisha, tukaimba shuleni mpaka sauti zikakauka. Mama akakwangua lile fundo, akapaka ukuta chokaa mara mbili. Masika iliyofuata, doa la umbo la jani lilitokeza juu, na fundo lake. Baada ya wiki likaja jicho la kushoto, kisha sikio. Mama akapaka tena, na mwaka uliofuata likarudi, kwa mpangilio uleule: jani, jicho, sikio.

Fundi alitueleza kwamba ni masizi, yakilowa yanapenya chokaa. Tukamwagiza abomoe lipu yote na apige upya kwa sementi. Masika mbili zikapita ukuta ukiwa mweupe. Ya tatu, jani likaja. Fundi alipobanwa alikiri kwamba hakubomoa, alipaka sementi juu ya ile ya zamani kwa sababu hakupenda kufanya kazi mle ndani peke yake. Basi nikabaki na maelezo mawili ya kisayansi, masizi na uvivu, na yote mawili nayaamini.

Wanywaji walipungua. Kwanza waliacha kukaa mwisho wa benchi, baadaye waliacha benchi zima. Watu wakaanza kuhesabu: fulani aliyeifuta kata ameanguka kwenye mfereji, fulani amepofuka. Hesabu za namna hiyo zinanikera. Wale walikuwa wazee, na wazee hufa. Lakini nikiwa mkweli, sijawahi kuupa ule ukuta mgongo. Wakati fulani nilifunga mtamba mle, akawa anasimama mchana kutwa ameelekea ukutani, hatafuni. Nilimhamisha, nikawaambia watu kuna upepo mbaya. Nikabandika magazeti juu ya kila kitu, tabaka juu ya tabaka, kila mwaka, na sijachora kitu tangu utoto. Shuleni hata pembetatu niliwaita wanafunzi wachore wao.

Sasa, jicho la mwaka huu lilitokeza Jumatatu, na jani halikutangulia. Hilo lilikuwa geni. Jumatano mpwa wa baba mkubwa, anayetunza kihamba chao, alinipigia simu. Mzee amefariki huko Kenya, aliomba arudishwe alale kwao chini ya isale, mwili unafika Ijumaa na mazishi ni Jumamosi. Nikamwuliza amefariki lini. Jumatatu asubuhi. Najua kila wiki ina Jumatatu na watu wanakufa kila siku, nimefundisha hesabu. Nilikaa chini hata hivyo.

Nilikuwa na siku mbili. Kabla udongo haujamfunika, ilibidi jani litoke mikononi mwangu lifike kwa wa damu yake. Sikujiuliza kama linafaa kitu baada ya miaka yote hiyo. Niliona tu kwamba likishapita Jumamosi, nitakufa nalo.

Ijumaa mchana nilikata jani mpakani, nikalipiga fundo, nikaenda. Jeneza lilikuwa limeshafika. Binti yake alikaa mkekani na akina mama, mwanamke wa miaka arobaini hivi, amejifunga kitambaa cheusi. Amezaliwa na kukulia ng'ambo ya mpaka, mama yake si mtu wa huku, Kichaga hajui hata neno.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Pole sana, mwanangu." Nikapiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Maneno niliyoyaandaa njiani yote yalinikimbia.

Alitabasamu. Alidhani ndivyo wafiwa wanavyopokewa kwetu. "Asante sana, mama," alisema, akalinusa, kisha akalichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwani, upande wa kulia, fundo juu.

Jani lilisimama pale kichwani mwake, upande uleule, limeinama vilevile nilivyolibandika mimi. Akina mama wakubwa waliokuwa karibu waliacha kuongea. Mmoja alikuwa mke wa mtu aliyecheka siku ile, akajifunika khanga usoni. Mimi nilishindwa kuinuka, na yule binti akadhani ni miguu ya uzee, akanishika mkono kunisaidia.

"Mama, wameniambia mlikuwa majirani," alisema. "Naomba unisaidie. Hatuna picha ya mzee. Alikataa kupigwa picha maisha yake yote, hata sisi watoto tulichoka kumwuliza. Siku ya harusi yangu alisimama nyuma ya hema. Kitambulisho hakuwahi kuchukua. Na huo uso wake wa sasa, ugonjwa umeumaliza, si wa kuonyesha watu. Kesho kila mtu ataniuliza picha ya baba iko wapi. Kwani hakuna hata moja ya ujana wake?"

Ningeweza kusema hakuna. Angeniamini, angenishukuru, na angerudi kwao Jumapili. Nilitazama lile jani kichwani mwake.

"Ipo," nikasema. "Lakini haifai. Na kabla hujaiona kuna jambo nitakueleza."

Nilimweleza mle stoo, nimesimama, mvua inapiga mabati. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, sikujipunguzia. Nilipomaliza akageukia ukuta, akalishika lile gazeti lililobanduka, akavuta. Nami nikavuta. Yalitoka tabaka kwa tabaka: kalenda za sabuni, mabingwa wa mpira, vita vingine, viongozi wengine wenye medali. Jicho lilikuwa limetoka kabisa, na sikio, na paji la uso, na juu yake kofia, na chini mdomo mpana wenye meno makubwa, na tumbo. Chokaa ilikuwa imeufanya uso kuwa wa kijivu, na unyevu ulikuwa unateremka kutoka kwenye jicho.

Alisogea mpaka karibu na ukuta.

"Mbona ni yeye," alisema. Akaweka kiganja juu ya sikio lililochorwa. "Hili sikio." Akasogeza kitambaa chake, akanionyesha la kwake, la kushoto, limejikunja kwa juu.

Aliposogeza kitambaa, vidole vyake viligusa jani. Akaangalia doa la jani, ambalo sasa lilikuwa limetokeza juu ya kofia ya nduli, na fundo lake. Akalichomoa jani kichwani polepole, akatoka nje kwenye mvua.

Nilidhani ameenda moja kwa moja. Nilibaki na ule uso, na nikagundua nimeupa mgongo. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nadhani. Mvua ikasikika, hatua zikasikika, akarudi. Chini ya sweta alificha kalenda kubwa ya kanisa aliyoitoa ukutani kwao. Akaigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya debe.

"Mchore tena," alisema. "Bila kofia."

Nikatafuta mkaa kwenye jiko la zamani la mama. Mkono ulikuwa mzito, lakini paji la uso lilikuja, jicho dogo na jicho kubwa vikaja, sikio likaja lenyewe. Kola ya shati jeupe ikaja. Kisha nikasimama. Sikuwa na mdomo. Ule wa ukutani ulikuwa wa gazetini, niliutia yeye hayupo. Mdomo wake wa kweli niliutazama mara moja tu, ulipokuwa unacheka kile kicheko, na huo siwezi kuuweka mbele ya jeneza la mtu.

"Mdomo sikuwahi kuuangalia," nikamwambia.

Akavuta debe lingine, akakaa karibu na mlango, pale lilipokuwa linaishia benchi. Akafunga vifungo vya sweta kimoja kimoja, akanyoosha mgongo, akatulia.

"Chora huu," alisema. "Nyumbani wanasema ni wake."

Nikamtazama, nikachora. Nilipomaliza aliichukua ile karatasi akaiangalia, na mdomo wake ulitetemeka mpaka nikaogopa nimeukosea. Kisha akachukua jani lililokuwa mapajani mwake, lenye fundo lake, limelowa, akanirudishia.

"Shika," alisema. "Nililipokea sijui ni kitu gani. Nipe tena."

Nikapiga magoti kwenye yale magazeti, nikamnyooshea kwa mikono miwili, myeusi kwa mkaa. Safari hii aliitazama mikono yangu muda mrefu kabla hajanyoosha ya kwake.